Mwembe, vumbi na kava: rangi ya gari linalolala nje Tabora

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari Tabora mjini. Nimenunua Toyota IST nyeusi iliyotumika Japani. Nyumba ninayopanga Isevya haina geti wala banda, kwa hiyo gari linalala kando ya barabara ya vumbi. Mchana shuleni naliweka chini ya mwembe. Hata mwaka haujaisha, boneti imeanza kupauka na paa lina madoa ya duara yasiyotoka kwa sabuni. Mtu mmoja ananishauri ninunue kava, mwingine anasema nikapakwe seramiki, ule utando mgumu wa kulinda rangi. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, hongera kwa gari, na pole kwa boneti. Pesa ya kava usiitoe bado, na ya seramiki ndiyo kabisa. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona watu wengi hapa mjini wenye mapenzi ya kweli na magari yao wakiyaharibu kwa kuyahudumia. Mtu hana banda, ananunua kava, analivika gari kila jioni, asubuhi anafuta vumbi kwa tambara, na kiangazi kikiisha boneti yake ina mikwaruzo mingi kuliko ya jirani asiyefunika chochote. Jua la Tabora linakula rangi, sikatai. Ila katika magari ninayoletewa, kilichotangulia kuidhoofisha rangi mara nyingi ni tambara kavu, sabuni ya unga na kampaundi, ile dawa nzito ya kusugulia rangi ing'ae. Hivyo vitatu vimo mikononi mwako. Jua halimo.

Tuanze na kile unachokilinda. Rangi ya kiwandani si tabaka moja. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, juu yake primeri, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na mwisho klia, ile inayotoa mng'ao. Zote kwa pamoja, toka bati hadi juu, kwa kawaida ni kati ya maikroni 100 na 150, na maikroni 1,000 ndiyo milimita moja. Klia peke yake ni kama maikroni 40 hivi, pungufu ya unene wa unywele wa kawaida. Ndani ya klia hiyo kiwanda kimechanganya kemikali za kunyonya mionzi ya jua ili isiifikie rangi iliyo chini. Kemikali hizo zinapungua mwaka hadi mwaka. Na kila fundi anapopitisha mashine yenye kampaundi kali, anaondoa maikroni kadhaa ambazo hazirudi tena. Gari linaweza kuvumilia hivyo mara chache katika maisha yake yote, basi.

Tabora ipo nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Kila unapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, huongezeka kwa takriban asilimia 10. Pwani wana chumvi inayoleta kutu. Sisi tuna mionzi hiyo, na tuna joto la Septemba na Oktoba kabla mvua hazijaanza. Boneti nyeusi iliyokaa juani saa nane mchana inaweza kufika nyuzi joto 70. Katika joto hilo klia inalegea, na chochote kilichokaa juu yake, kiwe kinyesi cha ndege au utomvu wa mti, kinafanya kazi haraka. Kumbuka hili, maana ndilo litakaloamua tunayofanya baadaye: uchafu mkali ukikaa saa moja juani unadhuru kuliko ukikaa usiku kucha kwenye baridi.

Kuhusu boneti yako, sina hakika kwamba imeharibikia Tabora. IST zilianza kutengenezwa mwaka 2002 na kukoma 2016, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imeshakula jua la kutosha kabla hujaipata. Tena magari yaliyotumika huuzwa yakiwa yameng'arishwa. Polishi nyingi za kuuzia gari zina mafuta ya silikoni yanayojaza mikwaruzo midogo na kuifanya rangi nyeusi ionekane tii. Yakishaoshwa mara kadhaa, upaukaji uliokuwapo tangu zamani unajitokeza. Kwa hiyo pima kwanza.

Osha boneti vizuri, halafu iangalie ingali imelowa. Kama weusi umerudi wote na unapotea maji yakikauka, tatizo liko juu ya klia tu: imefubaa, au ina mikwaruzo midogo mingi. Hapo polishi laini itasaidia. Kama hata ikiwa imelowa unaona mabaka yenye kingo, na ukipitisha ukucha kingo zinakwama, klia imeanza kubanduka. Hapo hakuna polishi, waksi wala seramiki ya kuirudisha, na anayekuuzia dawa ya kung'arisha anakula hela yako bure. Kipimo cha pili: weka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe na usugue taratibu sehemu ndogo. Kitambaa kikitoka cheusi, ama rangi yako haina klia tangu kiwandani, ama klia imeshaisha. Cha tatu ni kujua kama boneti imewahi kupulizwa rangi upya mitaani. Linganisha weusi wake na ule wa ndani ya milango, tazama raba za kioo kama zina chembe za rangi, kisha chukua pamba yenye thina (dawa ya kuzimulia rangi) kidogo uguse ukingo wa ndani wa boneti, mahali pasipoonekana. Rangi ya kiwandani itastahimili mguso huo. Rangi ya duko, ile inayokauka yenyewe bila kuchanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha rangi, itayeyuka na kubaki kwenye pamba. Kama ni duko, basi nitakayokuambia chini kuhusu spiriti usiyatumie kwenye boneti hiyo.

Tazama pia namba ya rangi kwenye kibati cha maelezo ya gari. Kwenye Toyota nyingi kipo ndani ya chemba ya injini au kwenye nguzo ya mlango. Nyeusi ya namba 202 inajulikana kwa ulaini wake, inakwaruzika kwa kitambaa chochote kigumu. Kwa faida ya wasomaji wenye magari meupe: mwaka 2019 Toyota kule Marekani iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari yenye nyeupe za namba 040 na 070, kwa sababu jua lilikuwa linalegeza mshiko kati ya tabaka la kuzuia kutu na primeri iliyo juu yake, na rangi ikawa inabanduka vipande vipande. Ukiona nyeupe ya namba hizo inamenyeka kwenye paa, usidhani lazima ni uzembe wa mwenye gari.

Sasa mwembe. Najua kwa nini unauchagua, na mji huu umejaa miembe mikubwa ambayo wenyeji huisimulia pamoja na habari za misafara ya zamani ya kwenda Ujiji. Kivuli chake ni kizito kweli. Lakini mwembe una majira yake, na gari jeusi chini yake linahitaji mtu anayeyafuata.

Kuanzia Juni hadi Agosti unatoa maua. Wadudu wadogo wanaofyonza maua na majani machanga hutoa majimaji matamu yanayonata. Ukikuta kioo cha mbele kina vitone vidogo vinavyovuta kidole, ndivyo hivyo. Vumbi linagandia hapo, na baadaye ukungu mweusi unaota juu yake. Kuanzia Oktoba hadi Januari ni zamu ya maembe yenyewe. Utomvu unaotoka kikonyoni embe linapochumwa ni mkali kiasi cha kuchoma ngozi ya mtu na kuacha alama nyeusi kwenye ganda la embe lenyewe. Sembuse klia iliyolegezwa na joto. Maembe yakiiva ndege wanashinda humo mchana na popo wanakuja usiku. Na kwa kuwa wewe uko shuleni, unajua kinachotokea saa ya mapumziko watoto wanapoona embe bivu: fimbo na mawe vinaruka. Boneti iliyobonyea kwa jiwe hainyooki kwa polishi. Februari hadi Mei, kwa upande mwingine, mwembe ni kivuli kizuri tu na sina ugomvi nao.

Kinyesi cha ndege nataka kukieleza kidogo kwa sababu wengi wanakichukulia kuwa uchafu wa kawaida. Kina asidi ya yuriki. Kikikaa juani, klia iliyo chini yake inatanuka kwa joto, na jioni inapopoa inasinyaa na kukakamaa ikifuata umbo la kile kilichoganda juu yake. Ndiyo maana hata baada ya kukiosha unabaki na kivuli cha doa lenyewe. Ukilikuta bado bichi, kabla jua halijalikausha, mara nyingi hutabaki na alama. Kwa hiyo weka ndani ya gari chupa ya maji yenye tone la sabuni ya maji, na karatasi laini au kitambaa. Loanisha karatasi, ilaze juu ya kinyesi dakika tano hadi kumi, kisha inua kila kitu kwa pamoja kwenda juu. Usisugue hata kidogo. Ndani ya kinyesi kuna punje za mchanga na mbegu.

Utaratibu huohuo utumie kwa vitone vya njano vinavyoonekana zaidi msimu wa maua ya miti porini. Hicho ni kinyesi cha nyuki, kimejaa chavua, na katika mkoa wa asali kama wetu hakikwepeki. Kikikauka kinashika kama gundi, lakini kikilowekwa kinaachia.

Madoa ya duara kwenye paa lako sasa. Pitisha ncha ya kidole taratibu gari likiwa safi na limepoa. Ukisikia kitu kimeinuka, ni uchafu ulioganda juu na unaweza kutoka. Kama mzingo ni mweupe mweupe, hiyo ni chumvichumvi iliyobaki baada ya maji kukauka. Mara nyingi ni maji ya kisima, au mvua za kwanza za Novemba zinazoshuka na vumbi la miezi sita. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, loanisha kitambaa, kilaze juu ya doa kwa dakika moja hivi kivulini, kisha suuza kwa maji mengi. Kama doa ni la kahawia na linanata, ni utomvu. Jaribu maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwanza. Likikataa, tia spiriti kwenye pamba, ishikilie juu ya doa kama nusu dakika, futa kwa upole, suuza. Wembe na kisu visikaribie. Kama badala ya kitu kilichoinuka kidole kinasikia kibonde, klia imeliwa. Polishi laini kwa mkono inaweza kukipunguza makali kibonde hicho. Ikishindikana, kiache. Kufukuza kibonde kimoja mpaka kiishe kunaweza kumaliza klia ya eneo zima.

Kama si mwembe, wapi? Ukuta. Jua la saa sita linatukaa utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Katikati ya miezi hiyo, yaani majira yote ya baridi na kiangazi, saa sita mchana jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo jengo linatupa kivuli kusini. Novemba hadi Februari ni kinyume chake. Lakini kivuli cha saa sita ni kifupi. Kilicho muhimu zaidi ni cha alasiri, wakati bati limeshapata joto la asubuhi yote: upande wa mashariki wa jengo lolote refu una kivuli kuanzia mchana hadi jioni, mwaka mzima. Zunguka madarasa yenu saa nane mchana uone kivuli kimelala wapi. Kivuli cha ukuta hakidondoshi chochote. Kama huwezi kupata kivuli kabisa, walau badilisha uelekeo wa gari siku hadi siku, ubavu mmoja usichomwe peke yake.

Kuna mahali ambapo hata pakiwa na kivuli nakusihi usiegeshe. Karibu na mafundi wa kuchomelea, kwa sababu cheche za jiwe la kusagia chuma zinajichimbia kwenye klia zikiwa za moto, na baada ya mvua unaona vidoti vya rangi ya chungwa visivyotoka: ni kutu ya zile chembe. Karibu na jalala linalochomwa au jiko la mkaa, kwa sababu majivu yakikutana na umande yanakuwa magadi, na magadi yanafubaza rangi. Saruji ya ujenzi inafanya vivyo hivyo, vibaya zaidi.

Hapo Isevya usiku, kusema kweli, gari lako haliko katika hatari kubwa ya rangi. Linapata umande, vumbi la bodaboda, labda kuku au paka anayependa joto la boneti. Hili ndilo linalonifanya nisikubaliane na aliyekushauri kava. Usiku hakuna jua. Jua liko shuleni, mchana, na sidhani kama kila asubuhi kabla ya gwaride utasimama kulivika gari kava na saa kumi kulivua. Utakachofanya ni kulivika jioni, likiwa na vumbi la siku nzima, na upepo wa kiangazi utalitikisa kava usiku kucha juu ya vumbi hilo. Kava juu ya vumbi ni msasa. Kwenye pembe za boneti na kwenye vitasa vya milango ndiko utakakoona klia ikiisha kwanza. Zile za bei nafuu ni plastiki isiyopumua: mvua ikinyesha unyevu unanasa ndani, jua likitoka asubuhi unapikwa hapo, na rangi, hasa iliyopulizwa mitaani, inaweza kuota malengelenge.

Kava lina matumizi yake. Kama unasafiri likizo na gari litabaki wiki kadhaa bila kuguswa, lioshe, likauke kabisa, lipoe, ulivike kava lenye kitambaa laini ndani linalopitisha hewa, ulikaze kwa mikanda chini ya tumbo la gari lisipepee. Nje ya hapo sikushauri.

Pesa hiyo ya kava, na ya walimu wenzako wenye magari na pikipiki, ingejenga kibanda. Mwombeni mkuu wa shule sehemu, msimike mirunda, mfunike kwa neti ya kivuli, ile inayotumika kwenye vitalu vya miche. Neti hizi huuzwa kwa asilimia ya kivuli. Chukueni ya 80 au zaidi. Ivutwe ikaze, iwe na mteremko ili majani yasikae juu. Miguu ya mirunda ipakwe oili chafu kabla ya kufukiwa, maana mchwa wa Tabora mnawajua. Mabati ni bora zaidi kama uwezo upo, lakini neti inatosha kuondoa sehemu kubwa ya jua, na maembe na ndege mtakuwa mmeviacha upande wa pili wa uwanja. Katika yote niliyoandika hapa, hili ndilo ningelifanya kwanza.

La pili ni kuosha, na hapa naomba univumilie nirefushe.

Vumbi lililotulia juu ya gari halifanyi lolote. Linaweza kukaa wiki nzima bila kuathiri rangi. Madhara yanaanza mtu anapolifuta likiwa kavu. Punje za mchanga ni ngumu kuliko bati la gari lenyewe, seuze klia. Ukiziburuta chini ya tambara kila punje inachora mstari. Mikwaruzo hiyo ya duara duara unayoiona jua likipiga kwenye magari meusi ndiyo historia ya matambara yote yaliyopita. Fagio la manyoya ni lilelile. Asubuhi yenye umande ni mbaya zaidi, kwa sababu mtu anaona rangi imelowa anadhani maji yanatosha, kumbe ule ni uji wa mchanga. Waeleze watoto wa mtaani pia, kwa upendo, wasiandike kwa kidole juu ya vumbi. Maandishi yale yanabaki hata baada ya kuosha, na kwenye gari jeusi yanasomeka miaka.

Kwa hiyo kati ya kuosha na kuosha futa vioo na taa, rangi iache. Kiangazi osha mara moja kwa wiki au wiki mbili. Fanya asubuhi mapema au jioni, bati likiwa la baridi, kwa sababu juani sabuni inakauka kabla hujaisuuza. Kwanza mwagia maji bila kugusa, kuanzia paani kushuka chini, mpaka vumbi liondoke lenyewe. Kisha ndoo mbili: moja ya maji yenye sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila baada ya kupitisha sehemu moja, ili mchanga ubaki kwenye ndoo hiyo usirudi garini. Ndoo mbili za lita 20 na kopo la kumwagia zinatosha IST nzima. Maji ya bomba ni bora kuliko ya kisima kwa kusuuza mwisho. Tumia kitambaa cha maikrofaiba au sponji laini, na kile cha kuoshea ringi na chini ya milango kisipande juu kamwe. Sabuni iwe shampuu ya gari. Ukiikosa, sabuni ya maji iliyo laini, kidogo. Ya unga iache kwa nguo. Ina magadi, inaondoa waksi yote, na chembe zake ambazo hazijayeyuka zinakwaruza. Malizia kwa kukausha kwa taulo safi, kwa kulilaza na kulivuta, bila kusugua.

Ukipeleka kwa vijana wa kuosha, beba kitambaa chako mwenyewe na umwombe kijana atumie hicho juu ya mstari wa milango. Wengi hawakatai, ukiwaeleza sababu. Mashine ya presha ni nzuri kwa kuondoa vumbi la kwanza. Isisogezwe karibu zaidi ya sentimita 30, na isielekezwe mahali ambapo klia imeshainuka. Akikuletea mafuta ya taa au dizeli ili gari ling'ae, kataa. Mng'ao ule ni wa mafuta, unanasa vumbi lote la barabara ndani ya saa chache.

Baada ya kuosha ndipo inakuja waksi. Waksi haizuii jua kwa kiasi kikubwa kama wauzaji wanavyosema. Kazi yake ya maana ni kuwa ngozi ya kutoa kafara: kinyesi na utomvu vinakutana nayo kwanza, vinachelewa kufika kwenye klia, na maji ya kuosha yanavitoa kwa urahisi. Ile ya asili, karnauba, inayotoka kwenye mti wa Brazili wa jamii moja na mnazi, inayeyuka kwenye nyuzi joto 82 na kuendelea, kwa hiyo boneti yako ya nyuzi 70 haiisumbui. Kwa jua letu ipake kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Zile za kutengenezwa kwa kemikali, za kimiminika, hukaa miezi minne hadi sita, na kwa mtu mwenye ratiba ya mwalimu ndizo ninazozipendekeza. Paka kidogo sana, kivulini, kwenye rangi safi.

Niongeze hapa kwa sababu tuko Tabora na nta ya nyuki tunayo tele: usiipake kwenye gari. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Kwenye boneti nyeusi mchana itakuwa mafuta mepesi, italamba vumbi lote, na jioni itaganda nalo.

Seramiki ya kweli ni kitu kizuri. Ni utando wa silika mgumu unaoshikamana na klia na kudumu mwaka mmoja hadi mitatu ukitunzwa. Lakini ni mwembamba mno, hauzuii jiwe wala mkwaruzo wa mchanga, na kinyesi kikikaa juani bado kinapenya. Tena kila kilicho chini yake kinafungiwa humo. Rangi yenye upaukaji na madoa lazima inyooshwe kwanza kwa mashine, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi na ya gharama. Gari la miaka mingi, linalolala kando ya barabara ya vumbi, halina sababu ya kubebeshwa gharama hiyo. Na kuna chupa nyingi madukani zilizoandikwa seramiki ambazo ni waksi ya kawaida yenye silika kidogo. Hazina ubaya, ila zilipie kama waksi.

Boneti utaimalizaje? Kama kipimo cha maji kimeonyesha ni kufubaa kwa juu, mpelekee fundi wa rangi, sharti aanze na polishi laini na pedi laini, ajaribu sehemu ndogo mbele yako, na apande kwenye kali pale tu laini iliposhindwa. Wengi huanza na kampaundi kali kwa sababu inang'arisha haraka. Kama klia inabanduka au ni duko, boneti ipulizwe yote, si kiraka. Mpe fundi namba ya rangi iliyo kwenye kibati, mwambie unataka rangi na klia za kuchanganywa na hadina, na umwombe apulize mahali palipofungwa, au asubuhi kabla upepo haujaanza, sakafu ikiwa imemwagiwa maji. Muulize klia ataipiga mara ngapi. Mbili ndiyo desturi, na akisema moja ongeza hela apige ya pili. Boneti ikishatoka, kwa mwezi mzima iogeshe kwa maji matupu na kitambaa laini tu. Waksi isubiri, maana klia mpya bado inatoa hewa ya thina na inahitaji kupumua.